Kichwa cha Shaba Kilichovalishwa Wigi

Naapa. Naapa kwa kaburi la mama yangu lililoko Pongwe, Tanga, na kwa macho yangu haya mawili ambayo hayajawahi kuvaa miwani, na kama kuna mtu hapo nyuma anaguna, aje mbele niape tena mbele ya uso wake. Nitakayosema ni kweli neno kwa neno. Yalimkuta jirani yangu wa ukuta, na mimi niliyaona mchana kweupe, jua la Joburg linawaka, nimekaa kwenye kigoda changu na kiatu cha mtu mapajani. Na mimi si mtu wa kutishwa. Kwetu niliwahi kumfukuza jini kwa matusi tu, akakimbia akaacha kandambili zake.

Mimi ni Jumbe, fundi viatu. Kutoka Bellevue mpaka Braamfontein hakuna anayeshona soli kama mimi, waalimu wa chuo kikuu wanapanda basi kunifuata. Shule sikwenda na wala sijuti, maana waliokwenda wote wanakuja kuvua viatu mbele yangu. Nafanyia kazi kwenye kibustani kimoja pale Bellevue, ng'ambo ya robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, usoni kwa nyumba kuukuu iliyokatwa vyumba kumi na sita. Kimojawapo ndicho changu.

Sasa katikati ya bustani kuna sanamu. Usifikirie sanamu la maana. Ni kichwa na mabega tu, shaba, juu ya nguzo ya jiwe inayonifika kifuani. Mzungu kipara, midomo kaibana kama kalamba ndimu, macho kayatupa juu kama anatafuta nzi. Kibao cha jina kiliibwa zamani. Masikio nayo hana. Wauza chuma chakavu walishindwa kukibeba kichwa kizima, wakayakata masikio kwa msumeno wakaondoka nayo. Nikaja kuambiwa eti yule alikuwa mtunzi wa muziki. Wala si wa kuimba. Yeye kazi yake kuandika kwenye karatasi, wengine ndio wapige. Nilicheka mpaka nikajidunga sindano. Kwetu Tanga kuna wapiga taarabu wametoa watu machozi miaka hamsini, hawajajengewa hata choo. Huyu kaandika karatasi, kamwagiwa shaba. Mzungu akishiba hukosa kazi.

Hatua sita kutoka kwa huyo kipara ndipo lilipo turubai la Clémentine, jirani yangu niliyewaambia. Ni Mkongo wa Lubumbashi, msusi na mshona wigi. Wakongo wale sitaki kuwasema sana, lakini Mkongo atalala njaa na nywele zake zitalala zimeshiba. Anaishi na mdogo wake, Murielle, anayeshona nguo kwenye duka moja la Fordsburg. Huyo Murielle ni binti mpole, na katika nyumba nzima ya vyumba kumi na sita ndiye peke yake aliyekuwa ananiamkia vizuri.

Murielle alikuwa anachumbiwa na Cédric, kijana mlinzi, wa hukohuko kwao. Wakongo wana utaratibu wao siku ya mahari. Vitu vinapangwa katikati ya watu, halafu mzee anamuuliza binti mbele ya koo zote mbili: tupokee, ao tubirudishe? Yaani tuvipokee hivi vitu au tuvirudishe? Anaulizwa mara tatu. Lazima asikie mwenyewe, na lazima ajibu kwa sauti yake mwenyewe. Asipojibu, vitu vinabebwa, wakwe wanasimama, na hakuna wa kuwarudisha. Na mama wa Cédric, mama Hélène, alikuwa anatafuta sababu tu. Mwanamke yule ana uso kama mlango uliofungwa kwa komeo.

Wigi la siku hiyo alishona Clémentine mwenyewe. Nywele ndefu, nyeusi, za watu kweli. Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, kichwa chake cha bandia, kile cha turubai cha kushonea wigi, kikapasuka.

"Papa Jumbe," akaniita, "kichwa yangu imekufa. Ile pini imeikula yote. Wigi iko na maji, ikikaukia chini itapinda."

"Mshonee mwenyewe kichwani."

"Murielle eko ku kazi." Akageuka, akamwangalia yule kipara kwenye nguzo. "Na huyu papa? Yeye hana kazi."

Tukacheka. Akachukua utepe wake wa kupimia, akamzungusha sanamu kichwani. Akausoma. Akauzungusha tena.

"Hamsini na saba na nusu," akasema polepole. "Ni kipimo ya kichwa ya Murielle, papa Jumbe. Hata milimita haikupita."

Mfagiaji wa ile bustani ni mzee wa Unguja, mzee Abdulrahman, kafagia pale miaka thelathini. Akasimamisha fagio lake. "Mwanangu, yule usimvalishe kitu."

Mimi ndiye niliyemjibu. Nikamwambia, "Mzee, umefagia majani mpaka na ubongo umekuwa jani." Nikampa Clémentine utepe wangu wa mpira, ule wa kufungia soli zinapokauka, tukamkaza kipara wigi lake. Shaba ikipigwa na jua inakuwa kama pasi. Wigi lilikauka kwa saa moja tu. Wapita njia wakawa wanapiga picha na yule bibi mwenye midomo ya ndimu. Kesho yake akamvalisha tena, litulie vizuri. Jumatano akamgandishia Murielle kichwani kwa gundi ile inayokaa wiki mbili, ili alizoee.

Akapendeza. Hilo siwezi kukataa.

Alhamisi asubuhi birika liliungua kwao. Moshi mpaka kwangu. Nikaingia, nikamkuta Murielle kakaa kando ya jiko, anashona. Birika la filimbi, linapiga kelele mpaka limeishiwa maji, na yeye yuko hatua moja. Nikamuita. Hakugeuka. Nikamgusa bega, akaruka.

"Aa, papa Jumbe. Sikusikia mlango."

Jumamosi taksi ilimkosakosa pale kwenye robot. Dereva kapiga honi mtaa mzima ukatoka nje. Murielle alivuka anatabasamu, mkono wake mmoja unapigapiga paja, vidole vitano, kila kimoja kwa zamu yake.

Jumapili ikawa aibu. Yeye ndiye mwimbaji wao pale kanisani. Kwaya ikaanza wimbo, naye akaanza wake. Wa polepole, hauna maneno. Kwaya ikanyamaza. Yeye akaendelea, macho kayafumba, mpaka mwisho wa ubeti ambao hakuna aliyeujua. Ndipo Clémentine akamwandikia kwenye simu: unanisikia? Murielle akasoma, akaanza kulia.

Pasta wao, Évariste, akaombea siku hiyo yote. Pasta yule anadhani Mungu ana matatizo ya masikio. Alipiga kelele mpaka spika ikatoa harufu ya waya. Murielle kapiga magoti katikati, anawaangalia watu midomo, anadhani wanaimba.

Jumatatu jioni, jua halijazama, Clémentine akanigongea niende kwao. Murielle kakaa kitandani. Alikuwa anaongea kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea wasiosikia sauti zao.

"Iko mtu anapiga kinanda," akasema. "Tangu Alhamisi. Alikuwa mbali, ku chumba ya pili. Sasa amefungua mlango."

Clémentine alikuwa ameshika chupa ya dawa ya kuyeyushia gundi. Kamwaga nusu chupa. Gundi imeyeyuka, inachuruzika shingoni. Wigi limekaa palepale. Akaniambia nishike taa ya simu. Akawa anatafuta ukingo wa wigi kwa kucha, pale panapokutana na paji la uso. Akatafuta mbele. Akatafuta nyuma ya sikio. Akatafuta kisogoni.

Hapakuwa na ukingo.

Nikazigusa zile nywele. Julai, chumba kina baridi ya friji, na zile nywele zilikuwa za moto. Moto wa shaba iliyoanikwa juani.

Siku zimebaki tano. Clémentine hakulala, hakula. "Siku ya posa," ananiambia kwa kunong'ona, kama vile mdogo wake angemsikia, "watamuuliza mara tatu. Mama Hélène atasema nyumba yetu imemukatala Cédric. Atabeba mwana wake aende. Murielle atakufa na aibu, papa Jumbe." Nikamwambia atulie, mimi nipo. Nikamsomea Murielle dua zangu zote ninazozijua, zile nzito, ambazo zingeweza kupasua mwamba. Alinishukuru kwa adabu. Halafu akasema, "Sasa ameketi karibu na miye."

Jumatano nikaenda kumkabili yule kipara mwenyewe. Saa saba mchana, watu wamejaa. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu wenye wazazi. Halafu nikaweka mkono ubavuni mwa kichwa chake, pale walipopitisha msumeno. Miaka yote pale palikuwa bapa. Napajua, nimeegemea sana.

Pameota kitu. Kidogo. Kimejikunja kama sikio la mtoto mchanga. Na kilikuwa laini.

Nikarudi kwenye kigoda changu. Si kwamba nilikimbia. Mtu akiwa na haraka hutembea hivyo.

Alhamisi mimi na Clémentine tukamfuata mzee Abdulrahman. Clémentine akapiga magoti kwenye majani aliyoyafagia. Mzee hakunitazama mimi hata kidogo. Alizungumza naye.

"Zamani Wazungu wakija na viti vyao Jumapili mchana," akasema. "Na santuri. Wanamkalia mbele, wanampigia kazi yake, hawasemi. Wakahama. Baadaye akakatwa masikio. Sasa we umemvika nywele za mtu, kwa kipimo cha mtu. Yeye afahamu vipi? Kaona kapewa kichwa, na kichwa kina masikio."

"Nifanye nini, baba?"

"Kesho mlete. Akae mbele yake. Anachokisikia akitoe, chote, kuanzia mwanzo. Mkae nanyi mumsikilize. Asiseme mtu. Atanyamaza katikati mara tatu, msidhani keshamaliza. Wale Wazungu nao walikuwa wakimya pale, wanakohoa tu. Hawapigi makofi mpaka mwisho kabisa."

"Na mwisho tutaujua vipi?"

"Mimi naujua. Nimefagia nikiusikia miaka mingapi. Nikilaza fagio chini, ndio mwisho."

Nami nikawaza: kizee kipuuzi. Mtu anayesikiliza muziki kimya kimya kama yuko msibani, huyo ana raha gani?

Ijumaa mchana tukamweka Murielle kwenye kiti cha turubai la dada yake, uso kwa uso na kipara. Mimi, Clémentine, pasta Évariste aliyekuja kuangalia kwa hasira, na wateja wake wawili waliosukwa vichwa nusu. Clémentine akamwandikia kwenye simu: anza.

Akaanza. Kinywa kimefungwa. Sauti inatoka puani, chini, polepole. Mimi muziki naujua, nimecheza ngoma zote za pwani, lakini ule sikuujua. Ulikuwa unapanda ngazi halafu unasita. Unapanda tena. Watu wa spaza, kile kiduka cha pembeni, wakatoka nje. Kijana wa chipsi akazima redio. Hakuna aliyemwambia.

Akanyamaza.

Pasta akafungua kinywa aseme amina. Clémentine akamziba kwa kiganja, mbele za watu, pasta mzima. Tukangoja. Njiwa wa pale bustanini hawakuwepo. Ndipo nikakumbuka wiki nzima njiwa hawakuwepo.

Akaanza tena, kwa haraka sasa. Vidole vinapiga magotini. Akanyamaza. Akaanza mara ya tatu, na hiyo ya tatu ilikuwa ya huzuni, sitaki kuisema, mwanamke mmoja mwenye kichwa nusu alilia na hamjui hata aliyemlilia. Mimi nilikuwa na vumbi machoni.

Akanyamaza.

Mara hii kimya kikawa kirefu. Kirefu. Nikahesabu pumzi zangu, zikafika thelathini. Jua liko utosini. Murielle akafumbua macho. Akamtazama dada yake. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyetua mzigo.

Sasa niambie. Kwetu sisi mtu akimaliza, tena kamaliza vizuri hivyo, unamwacha tu? Hata mnyama hushukuru. Nikapiga makofi. Matatu tu.

Yakasikika bustani nzima. Nikamtazama mzee Abdulrahman. Fagio lilikuwa bado mkononi mwake.

Hakuna kilicholia. Hakuna kilichoanguka. Ila wigi. Liliteleza lenyewe kutoka kichwani mwa Murielle, taratibu, likadondoka kwenye majani kama kofia ya mtu aliyelala. Chini yake nywele zake za twende kilioni, zilezile, kavu. Hata gundi hapana.

"Yaya," Murielle akamwita dada yake. Kwa sauti ndogo ya kawaida. "Minasikia motokari."

Clémentine akamkumbatia wakaanguka wote na kiti. Pasta akapata amina yake, akaitoa kumi na mbili. Wigi wakalitupa kwenye pipa la moto wanalootea vijana wa pale, likaungua likanuka. Watu wakanipa mkono, na kwa haki, maana nani alipiga makofi yaliyolidondosha?

Mzee Abdulrahman peke yake hakunipa mkono. Alinipita anafagia.

"Hajamaliza yule," akasema.

Sikwenda tena kumgusa kipara ubavuni. Si woga. Mikono yangu ilikuwa na gundi.

Jumamosi posa ikawa, uani kwetu, saa nane mchana. Mabunda ya vitenge, mbuzi, kreti za soda, suti ya mjomba, vyote vimepangwa chini. Mama Hélène kakaa mbele kabisa na uso wake wa komeo. Pasta Évariste ndiye aliyeuliza, kwa kuwa mjomba mkubwa yuko Lubumbashi. Simu tatu zilikuwa zinarekodi ili apelekewe.

"Murielle. Tupokee hii bintu, ao tubirudishe?"

Kimya. Mara ya kwanza binti hajibu, ni heshima.

"Murielle. Tupokee, ao tubirudishe?"

Kimya. Hiyo nayo ni kawaida, lakini Clémentine alikuwa ameshika mkono wangu, kucha zimeingia. Mama Hélène akaanza kukusanya mkoba wake.

"Mara ya mwisho. Tupokee, ao tubirudishe?"

Murielle akainua kichwa. Akamtazama Cédric. Akajibu. Vigelegele vikapanda mpaka barabarani, mama Hélène akaweka mkoba chini, wakwe wakacheza, nami nikala sahani sita za wali na mbuzi, hawakuamini. Cédric kamchukua mke wake. Wanakaa mitaa miwili kutoka kwetu, na Murielle anasikia vizuri, hata ukidondosha pini.

Jumatatu yake Clémentine akanigongea. Ujumbe wa sauti umetoka Lubumbashi, wa mjomba mkubwa. Anauliza jambo moja tu: alijibu nini?

Tukafungua video. Pasta anauliza, unamsikia. Mara ya tatu, unamsikia. Kuna mtoto anakohoa. Kuna kifuniko cha sufuria. Murielle anainua kichwa. Midomo yake inafunguka, inasema kitu, inafunga. Hakuna sauti. Si kwamba simu imekatika, maana mtoto bado anakohoa, kifuniko bado kinalia. Halafu vigelegele.

Tukafungua ya simu ya pili. Ya tatu. Zilikuwa kona tatu tofauti za uani. Mtoto yumo. Kifuniko kimo.

Nikamwambia Clémentine, lakini sisi tulikuwepo. Tulisikia. Akasema ndiyo, alisema "Ndiyo, mupokee." Tukampigia pasta. Pasta akasema hapana, alijibu kwa Kifaransa, "Oui." Mwenye simu ya pili anasema alijibu "Mubipokee" tu. Na mimi, mimi Jumbe ambaye nakumbuka kila kiatu kilichowahi kupita mapajani mwangu, nimekaa nimefumba macho natafuta ile sauti. Midomo naikumbuka. Sauti sina. Nikakumbuka neno la mzee Abdulrahman: hajamaliza yule.

Murielle mwenyewe tulimuuliza. "Nilijibu," akasema. "Bote mulifurahi, si basi nilijibu?"

Mjomba kaambiwa ni mtandao mbaya. Anangoja atumiwe nyingine. Cédric hajaomba kuiona, na mama Hélène simu yake ni ya vitufe, haichezi video. Kwa hiyo nakuomba, wewe uliyesikiliza: haya yakome kwako. Usimwambie mkeo, usimwambie wa spaza, na ukikutana na Wakongo wa Bellevue, zungumza habari za mpira. Ndoa ya watu imesimama juu ya neno ambalo hakuna aliye nalo.